Mkojo wa Fundi Simu

Walikutana sokoni mchana, watu wamebanana, kibaka alipompora msusi mkoba wake. Fundi simu alitoka kibandani, akamwangusha yule kibaka kwa ngumi mbili za uso. Msusi, gauni lake la njano limechanika begani, alimwambia apunguze ubabe. Fundi akasema gauni lenyewe hata likichanika linampendeza. Tangu hapo simu hazikukatika.

Kaka wa msusi, baunsa wa baa, hakutaka kumsikia fundi. Siku moja alichukua simu ya dada yake kwa siri, akamwandikia fundi aje nyuma ya saluni. Fundi alikuja na shati jeupe lililonyooshwa pasi. Akakuta wanaume watatu wenye mabomba ya chuma. Walimponda mapaja, makalio na mgongo, mpaka shati likalowa damu na sauti ikamkauka.

Hospitalini alikojoa mkojo mweusi kama kahawa, kisha hakukojoa tena. Akavimba uso, akawa anahema. Daktari alimweleza mama yake kwamba misuli iliyopondwa imemwaga sumu kwenye damu na kuzizima figo. Maji na uchafu havina pa kutokea, na moyo unaweza kusimama wakati wowote. Wakamtoboa shingoni, wakaingiza mpira. Damu ikawa inatoka kwenda mashineni, inachujwa, inarudi mwilini, naye anatetemeka kwa baridi.

Msusi alipofika, fundi hakumpa nafasi.

"Uliniita wewe. Toka, kabla sijaung'oa huu mpira."

Msusi alikumbuka kumkuta kaka yake na simu yake siku ile. Alikwenda moja kwa moja polisi, akamtaja kaka yake. Wakati anafungwa pingu, kaka alimtandika msusi kichwa cha mdomo, jino likaruka. Msusi akarudi wodini hivyo hivyo, damu kidevuni.

"Nani kakupiga?"

"Aliyekuita. Simu yangu ilikuwa mkononi mwake. Sasa yuko ndani."

Fundi alimtazama mpaka machozi yakamlengalenga. Akamwomba msamaha, akamshika mkono, hakuuachia mpaka mashine ilipozimwa.

Daktari alisema wapo ambao figo zao zimekufa kabisa, hao huchujwa damu maisha yao yote, labda wapate figo nyingine. Za fundi zilikuwa zimezimia tu, huenda zikaamka. Wakasubiri, mashine baada ya mashine.

Asubuhi moja simu ya msusi iliita akiwa katikati ya kusuka.

"Mke wangu, nimekojoa."

"Mke wako nani?"

"Wewe, ukinikubali."

Msusi aliacha kusuka, nywele za mteja mkononi. Mteja akauliza kuna msiba gani.

"Mume wangu amekojoa," akasema, akaangua kilio.