Aliyebaki Kwenye Jiwe

Karatasi nane juu ya meza ya mwalimu mkuu. Miandiko minane tofauti, sentensi ileile...

"Mwalimu alitulazimisha kucheza magemu na hakutufundisha chochote."

Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Kufika ya tano nikaacha, maana hata nukta zilikaa palepale.

"Una la kusema?" mwalimu mkuu akaniuliza, macho yake kwenye kalamu.

Nikazirudisha zile karatasi mezani, jamani. Na niliingia mle ofisini kifua mbele, nikijua wanangu wa darasani ndio watakaoniokoa!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na kompyuta. Mwaka juzi niliomba mwenyewe darasa ambalo wenzangu walikuwa wanalikwepa. Wanafunzi wanane, wote wamerudia mwaka, wote wameshaambiwa vichwa vyao ni vigumu. Kwenye chumba cha walimu darasa lile liliitwa stoo. Nani anataka kufundisha stoo? Mimi, na kiherehere changu.

Kulikuwa na msichana mmoja tuliyemwita Kimya. Ukimuuliza swali anaangalia viatu vyake mpaka uchoke wewe.

Nilijaribu ubao, nikajaribu mazoezi, nikajaribu hadi ukali. Wapi! Ndipo nikaja na gemu.

Gemu lile linachezwa na watu wanne kwa pamoja. Mnapita chumba baada ya chumba, na chumba cha mwisho kina mlango wa chuma. Mlango haufunguki mpaka mmoja wenu asimame kwenye jiwe. Akitoka tu, unajifunga. Kwa hiyo watatu wanapita, mmoja anabaki.

Nikawagawa makundi mawili. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kugusa kibodi kabla ya kukaa dakika tano na karatasi, mkapanga nani anabaki na kwa nini. Bila kununa, bila kulia.

Mngewaona! Kompyuta zenyewe mbovu, moja mpaka uipige kofi ubavuni ndiyo iwake, lakini watoto wanabishana, wanachora, wanapiga hesabu za uzito na kasi bila kujua kuwa ndizo zilezile walizozikimbia ubaoni. Kimya akawa ndiye mpangaji wao. Siku moja alimwambia mwenzake, "Sikiliza kwanza," kwa sauti ya kusikika darasa zima. Nilitoka nje nikajifuta machozi.

Gemu lilikuwa na sehemu ya pili. Wakishapita, wale watatu wanaweza kuzunguka njia ndefu nyuma ya ukuta na kwenda kumfungulia mwenzao aliyebaki. Inachukua robo saa nzima. Kipindi chetu kilikuwa dakika arobaini, na pointi zote mnapewa palepale mlangoni.

Kwa hiyo kengele ikilia nilikuwa nasema, "Tumeshinda, zimeni tuondoke." Kila Jumanne, kila Alhamisi, mwaka mzima.

Ruhusa nilikuwa nayo, ila ya mdomo. Mwalimu mkuu aliniambia niendelee, lakini nisimletee barua yoyote ya kuomba ruhusa. Nami nikachukulia ni uungwana wake. Mjinga mimi!

Siku moja mzazi mmoja alipita dirishani, akasikia kelele, akatoa simu. Jioni video ilikuwa imezagaa kwenye kundi la wazazi. Watoto wanaruka, wanashangilia, na mimi katikati napiga makofi... Bodi ya shule ikataka kichwa cha mtu. Mwalimu mkuu akawaambia habari za gemu ndiyo kwanza anazisikia kutoka kwao. Alisema hivyo nimekaa mbele yake, na hakuona haya.

Wale wanane wakaitwa waandike maelezo, kila mtu na karatasi yake. Yaliyoandikwa mmeshayajua.

Barua ya kufukuzwa ilikuwa na mistari mitatu.

Nilienda chumba cha kompyuta kuchukua vitu vyangu. Kikombe, kanda ya kupimia, sweta. Nikamkuta Kimya amekaa mbele ya ile kompyuta ya kupigwa kofi, imezimwa.

"Nani aliyeitunga ile sentensi?" nikamuuliza.

"Mimi, mwalimu. Wengine walinakili."

Alinieleza polepole, bila kunificha. Waliambiwa kwamba atakayeonekana alicheza kwa hiari yake, jina lake halitaingia kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Wakaomba dakika tano. Wakakaa na karatasi.

"Tulipanga kwanza, kama ulivyotufundisha," akasema. "Mmoja lazima asimame kwenye jiwe ili wengine wapite. Wewe cheti unacho tayari. Sisi hatuna."

Hasira niliyokuwa nayo ilikwisha palepale. Maana hesabu yake ilikuwa sahihi! Ningekuwa nasahihisha, ningempa alama zote.

"Na kunirudia, Kimya? Hamkuliwaza hilo?"

Akaniangalia usoni, yeye aliyekuwa anaangalia viatu.

"Kurudi?" akasema. "Mwalimu, ile sehemu hatujawahi kuicheza."

Huu ni mwezi wa nane niko nyumbani. Shule nilizoomba kazi zote zimeshaiona ile video. Mama yangu, ninayeishi naye, anauliza mbona likizo yangu haiishi, na sijapata moyo wa kumjibu.

Matokeo yalitoka wiki iliyopita. Wote wanane wamefaulu, Kimya ana alama za juu katika hesabu. Nilikaa na simu mkononi siku mbili. Hakuna aliyepiga.

Najua huko chini kwenye maoni mtaniambia nisamehe. Nilisamehe siku ileile, na hakuna kilichobadilika. Ninachowaomba ninyi wenye watoto, wa kuwazaa na wa kuwafundisha, ni hiki: mtoto hashiki unachomweleza, anashika kile unachomfanyisha tena na tena. Mimi niliwazoeza kumwacha mtu nyuma na kushangilia.

Jana nililifungua lile gemu kwenye kompyuta yangu, nikitaka angalau niione ile sehemu ya kurudi. Likaniandikia linasubiri wachezaji wengine watatu. Nikalisubiri kidogo, kisha nikalizima.