Maelekezo Arobaini na Moja ya Kinanda

Binti yake alikuwa amerekodi maelekezo arobaini na moja, na dereva alikuwa nayo yote kichwani. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumanne, alipopita karibu na machimbo ya zamani ya mawe na simu ikasema, "Baba, kuna baridi," alijua papo hapo kwamba hilo halikuwemo.

Alikanyaga breki. Nyuma, mitungi ya oksijeni ikagongana. Simu ilikuwa kwenye kishikio chake, mshale umetulia barabarani, kimya. Akajiambia ni masikio tu, akaendelea na safari.

Kazi yake ilikuwa kupeleka mitungi hiyo majumbani kwa wagonjwa wa mapafu. Gari lilikuja na skrini yake ya ramani kwenye dashibodi, lakini ramani yenyewe ilikuwa imepitwa na wakati: ilimwelekeza kwenye daraja lililokwisha kubomolewa, na mitaa mipya yote kwake ilikuwa pori. Mwisho ikazimika kabisa. Kampuni ikaona kuitengeneza ni kujisumbua bure, ikawaambia madereva watumie simu zao. Kuna programu ya ramani unayoipakua mara moja tu, kisha inakuongoza hata mahali pasipo na mtandao wala bando. Dereva aliipenda, isipokuwa sauti yake. Yule mwanamke wa ndani ya simu alitamka majina ya mitaa kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Binti, wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyegundua kwamba unaweza kuweka sauti yako mwenyewe. Walimwita Kinanda, maana tangu aamke hadi alale mdomo ulikuwa kazini. Jumapili moja alijifungia garini, akapandisha vioo ili kelele zisiingie, akarekodi yote, na mengine akayatia chumvi. Penye mzunguko alisema, "Zunguka, baba, ila usilewe." Ukikosea njia, "Umepotea, baba, geuza." Na mwisho wa safari, "Umefika. Usisahau kusalimia."

Miezi mitano baadaye, homa ya siku nne ikamchukua.

Mke wa dereva, ambaye ni mshonaji, hakupanda gari lile tena tangu siku ya mazishi. Alijua nini kimo mle ndani, na alisema moyo wake haungeweza kuhimili. Dereva yeye aliweza, au alidhani anaweza. Mara nyingine alikata kona isiyo yake makusudi, ili tu aambiwe amepotea. Na kila alipofika barabara ya machimbo, ambako hapakuwa na nyumba wala mpita njia, alipunguza mwendo, akalia kwa sauti, akimwita mtoto kwa jina lake.

Baada ya ile Jumanne, sauti haikumwacha. Alhamisi ilimuuliza kama amekula. Ijumaa ilimwambia kwamba amekonda. Ilisema taratibu, kwa upole, na kila iliposema gari lilijaa harufu ya udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa muda huo huo, hata akifungua vioo vyote. Nywele zilimsimama. Lakini ilikuwa sauti ya mwanawe. Wiki ya pili alianza kuijibu, na wiki ya tatu alianza kufunga mkanda wa kiti cha pembeni kabla ya kuwasha gari.

Nyumbani hakusema neno. Mkewe alimwona akiondoka mapema na kurudi amechelewa, viatu vimejaa tope jeupe, akadhani ni kazi.

Tope lilikuwa la machimboni. Ramani ilikuwa imeanza kumpitisha huko hata kama mgonjwa alikaa upande mwingine wa mji. Katikati ya machimbo kulikuwa na bwawa la kina kirefu lililojaa tangu mawe yaache kuchimbwa, na siku ya kwanza alisimama hatua ishirini kutoka ukingoni. Siku ya pili, kumi. Simu ikamwambia, "Bado kidogo, baba. Niko hapa mbele."

Siku moja aliketi pale saa mbili nzima, jua la mchana likiwaka, huku nyuma ya kiti chake kukiwa na mtungi uliokuwa ukisubiriwa na mwalimu mstaafu, bibi wa watu aliyeishi na dada yake tu. Alipofika, alimkuta dada mtu mlangoni, na ndani mwalimu amekaa kitandani, midomo imebadilika rangi, akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba nzito kutoka kisimani. Walimkimbiza hospitali kwa gari lile lile. Alifariki siku ya tatu. Dada yake alimpigia dereva simu kumshukuru kwa kumwahisha mgonjwa hospitali. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomvunja.

Jioni ile alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe alisikiliza mkono ukiwa juu ya cherehani, kisha akainuka, akajifunga khanga, akasema anataka kusikia. Wakaingia garini, limesimama uani, injini imezimwa. Simu haikungoja kuulizwa.

"Mama," ikasema. "Mama, kuna baridi huku. Njooni wote wawili."

Mkewe aliziba mdomo. Machozi yalimtoka, lakini hakujibu. Alimshika mumewe mkono, akamtoa nje, na walipokuwa mbali na gari akamwambia kwa kunong'ona, "Siyo yeye."

"Ni sauti yake."

"Sauti ni yake. Lakini mimi ndiye niliyemshika siku zile nne. Mwanangu alikuwa anaungua. Alitupa shuka, alitupa nguo, aliomba maji ya barafu. Mpaka anakata roho hakusema baridi. Hicho kitu hakikuwepo alipokufa, baba Kinanda. Kinabahatisha."

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la madaftari, na siku hiyo alikuwa na mafua. Aliwasikiliza huku akipangusa pua. Akawaambia yule ni jini wa bwawa. Jini wa namna ile hana sauti ya kwake. Hukaa kimya miaka na mikaka mpaka mtu apite na sauti iliyobaki bila mwenyewe, na dereva alikuwa amempitishia kila siku, tena akiiita kwa jina. Sasa ameivaa kama nguo. Dereva akauliza, kama atabadilisha simu, je? Mganga akasema atamfuata. Nguo lazima ivuliwe. Rekodi zifutwe zote, moja moja, kwa mkono wa yule ambaye zilirekodiwa kwa ajili yake, na kila moja isikilizwe kwanza ili jini ajue imeondoka.

"Hakuna njia nyingine?" dereva akauliza.

"Ingekuwepo ningekuambia, ndugu yangu," mganga akasema, na akatazama pembeni.

Wakafanya kesho yake adhuhuri, uani. Mganga aliketi nyuma penye mitungi akisoma dua kwa sauti ya chini, mke kiti cha pembeni, dereva simu mkononi. "Kata kushoto." Akafuta. "Kata kulia, kulia kwako siyo kwangu." Mkewe akacheka na kulia kwa pamoja, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasikia tangu mazishi. Akafuta. Walipofika ya ishirini harufu ya udongo ilikuwa nzito kiasi cha kukaba koo, na walipofika ya thelathini ile skrini ya dashibodi, iliyokuwa imekufa miaka miwili bila hata cheche, ikawaka yenyewe, haikuonyesha barabara wala mtaa bali doa moja kubwa jeusi lililotanuka polepole kama maji yanayopanda, na vioo vikaanza kulowa kwa ndani, na kutoka simuni, kutoka kwenye spika za milango, kutoka chini ya viti, sauti ikaanza kuomba, baba usinifute, baba nitakuwa peke yangu, mama mwambie, mama mimi ni wako, bila kuvuta pumzi hata mara moja, ikizidi kuwa ya kitoto kadiri maneno yalivyopungua, mpaka dereva akashindwa kuona penye kugusa.

Ikabaki moja. "Umefika. Usisahau kusalimia."

Hiyo ilikuwa yake kweli. Ilisikika kicheko chake mwishoni, na mbwa wa jirani akibweka nje ya gari, Jumapili ile. Dereva akaisikiliza mara ya pili. Akataka ya tatu.

"Futa," mkewe akanong'ona. "Mimi nimeshasikia. Futa."

Akafuta.

Skrini ikazimika. Harufu ikakatika kama mlango uliofungwa. Mganga akamaliza dua yake, akashuka taratibu, akaenda zake bila kuaga. Wao wawili wakabaki wamekaa, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kufungua mlango.

Saa tisa ofisi ikapiga simu. Kulikuwa na mtoto mchanga, nyumba mpya, na mtungi wake ulikuwa unaelekea kuisha. Mke hakushuka. Baada ya kupata anwani waliizima simu, wakaenda wakiuliza watu njiani, yeye akishusha kioo na kusikiliza, kisha akimwambia mumewe wapi pa kukata.

Mama wa mtoto aliwapokea mlangoni. Dereva akafunga mtungi, akafungua vali, wakasimama wote wakimtazama mtoto mpaka kifua cha yule mchanga kikaanza kupanda na kushuka sawasawa. Mama akashusha pumzi. Kwa furaha, kwa vile tu alitaka kusema jambo, akawauliza wao wana watoto wangapi.

Dereva akatazama chini. Swali hilo alikuwa akilikwepa tangu mazishi.

"Tulikuwa naye mmoja," mkewe akasema. "Wa kike."