Jiwe Halimfuati Mgonjwa

Jioni ile Daktari Ephraim Stroud alitoka kwenda kununua mafuta ya taa. Si safari. Hatua mia mbili tu, kutoka mlangoni kwake hadi dukani, katika mtaa mmoja wa vumbi ambao wenyewe, kwa kiburi chao, waliuita mji wa Sorrel Flat.

Mbele ya baa palikuwa na hori la kunyweshea farasi. Farasi mmoja akainamisha kichwa, akanywa.

Chwa... chwa... chwa...

Koo la daktari likafunga.

Akajaribu kumeza mate. Hayakumezeka. Akageuza uso, maana yale maji, maji machafu yenye ute wa farasi, yalimtia hofu ambayo hakuwahi kuionja tangu azaliwe. Shingo ikamkaza. Jasho jembamba likamtoka.

Angekuwa seremala asingejua. Lakini alikuwa daktari, akajua palepale alipokuwa amesimama.

Kichaa cha mbwa. Siku mbili, tatu akijaliwa, kisha kaburi.

Wiki sita nyuma, mbwa wa mjane Keturah Pell, aliyeitwa Bugler, alipata kichaa akamng'ata Zilpha, bintiye mjane huyo, mtoto wa miaka minane. Watu wakampiga mbwa risasi, wakamwita daktari. Akaja na chuma cha moto achome jeraha. Dawa nyingine hakuwa nayo, na dunia nzima haikuwa nayo. Mtoto alipokiona kile chuma chekundu alipiga ukelele uliosikika hadi kanisani. Mama akamnyakua.

"Humchomi mwanangu, Daktari!"

"Basi mzike."

Ndivyo alivyomjibu mama wa watu. Kavukavu hivyo.

Keturah akambeba mtoto mgongoni hadi kwa Profesa Lucan Voss, aliyeishi ndani ya gari lake la farasi mwisho wa mtaa, akiuza chupa za dawa ya upara, tumbo na ugumba, zote kutoka pipa moja. Uprofesa alijipa mwenyewe. Tapeli mtupu! Lakini alikuwa na jiwe. La kahawia, kubwa kama yai la njiwa, lililotolewa tumboni mwa kulungu mweupe. Na jiwe lilikuwa na masharti yake: haliuzwi, halilipiwi, wala halimfuati mgonjwa. Mgonjwa ndiye anayelifuata. Likabandikwa kwenye jeraha, likanata saa mbili. Lilipodondoka lilichemshwa ndani ya maziwa, na maziwa yakageuka kijani. Mtoto akaamka akaomba mkate.

Tangu siku hiyo Stroud akawa kichekesho cha mji. Naye, Mungu amsamehe, akakaa anahesabu siku. Alitaka mtoto yule augue. Kila asubuhi alipita kwa Keturah kumtazama Zilpha akinywa maji kibarazani, na kila kikombe alichokimaliza kilimuuma rohoni.

Sasa maji yalikuwa yamemkataa yeye.

Aliliacha debe la mafuta palepale barabarani. Kumwita Voss nyumbani kusingewezekana, sharti ni sharti. Ilibidi apite mbele ya baa, mchana haujafa bado, macho yote yakimwona anakoelekea.

"Daktari! Unafuata dawa ya upara?"

"Mwacheni, jamani, chuma chake kimepoa!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika matumbo. Stroud akapita ameinamisha kichwa.

Ndani ya gari mlikuwa na giza, na harufu ya maziwa yaliyoungua na nywele zilizoungua. Voss alikuwa amekaa kando ya jiko dogo. Juu ya jiko, sufuria ya maziwa ilikwisha kuanza kutoa mvuke.

"Umechelewa," alinong'ona. "Nilikutegemea jana."

"Umejuaje?"

"Kaa. Yule mbwa alikugusa?"

"Hapana."

Daktari alisema hivyo huku akikificha kidole gumba. Jioni ile ya mbwa alikuwa ameufungua mdomo wa mzoga kuuchunguza, na jino likamchubua. Mchubuko kama wa mwiba. Nyumbani aliwasha moto, akakipasha chuma mpaka kikawa chekundu, akakisogeza karibu na kidole...

Akakiacha kipoe, akakirudisha kabatini.

Mtu mzima, aliyetaka kumchoma mtoto wa miaka minane! Hilo hakumwambia yeyote.

Voss akatabasamu. "Kama hakukugusa, basi umetumiwa. Sumu haifi, Daktari. Inahama. Jiwe likiwa ndani ya maziwa, mtu hunong'ona jina. Sumu inamwendea huyo."

"Keturah alimtaja nani?"

"Wewe ulimwambia nini yule mama?"

Stroud akalikumbuka neno lake: mzike. Hasira ikampanda, na pamoja nayo, aibu kusema, faraja. Kumbe si uoga wake. Kumbe ametupiwa!

Voss akalibandika jiwe kwenye kidole. Likanata. Baridi ikapanda hadi kwapani.

Nyu... nyu... nyu...

Lilikuwa linanyonya. Huko nje kicheko kilikatika ghafla, wala mbwa wala farasi hakusikika. Kisha jiwe likaachia, tumbwi, ndani ya sufuria. Maziwa yakabaki meupe.

"Taja," Voss akanong'ona.

Stroud akainama juu ya mvuke. "Lucan Voss."

Maziwa yakabaki meupe vilevile.

"Wote huanza na mimi," Voss akasema bila kukasirika. Akauchukua mkono wa daktari, akauweka kifuani pake, chini ya shati.

Mikono ya Stroud ilikuwa imepima vifua kwa miaka ishirini. Ikatafuta. Ikasogea juu, ikasogea chini.

Hakuna kilichopiga.

"Nilizikwa zamani," Voss alisema. "Jina langu halimshiki mtu. Fanya haraka. Maziwa yakipoa, inarudi kwako."

Angeweza kunyamaza. Nafasi alikuwa nayo, ndogo, lakini alikuwa nayo.

"Keturah Pell."

Maziwa yakageuka kijani.

Wanaume wa pale baa walimwona akirudi mbio, akapiga magoti kwenye hori, akanywa pamoja na farasi, uso mzima majini. Walicheka. Naye alicheka.

Asubuhi gari la Voss halikuwepo.

Siku ya tatu, mlango ukagongwa. Alikuwa Zilpha, peke yake, nywele hazijachanwa.

"Daktari, mama hataki maji. Anasema shingo inamkaza. Kaniambia nisimsogelee, nije kwako."

Stroud akatazama mwisho wa mtaa. "Profesa..."

"Kaondoka. Hata hivyo mama hamtaki, anasema ni mtu mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Siku ile alimwambia anong'one jina. Akamwambia, mtaje daktari, si unamchukia? Mama akakataa. Akasema huwezi kumfanyia mwenzio hivyo. Akamtaja Bugler, maana alishakufa, na sumu yenyewe ilikuwa yake."

Daktari akashika mwimo wa mlango.

"Anakuomba msamaha," mtoto akaendelea. "Anasema wewe ndiye daktari wa kweli. Safari hii hatabisha, utakachomwambia atafanya. Utamponya, sivyo?"

"Ndiyo," Stroud akasema.

Akauchukua mkoba wake, usio na kitu cha kumsaidia yule mama, akatoka. Zilpha akamshika mkono. Walipokaribia nyumba, sauti ikatoka ndani. Nene. Ya kukwaruza. Ikakatika, ikaanza tena.

Miguu ya daktari ikagoma.

Mtoto akamvuta taratibu. "Usiogope, Daktari," akamwambia. "Ni mama tu."