Vidonge vya Kugawana

Enzi za Mwingereza, siku za gulio nyumba ya Mama Vestina pale Mjimwema, Njombe, ilijaa watu. Wachuuzi kutoka Makambako walipaza sauti mlangoni, "Kamwene!" na kabla hujaitikia salamu wameshakaa jikoni wanapiga umbea. Vestina, msichana wa miaka kumi na miwili, alisonga ugali huku amembeba mgongoni mdogo wake, Sila.

Juma hilo mama yake alikuwa ameugua tumbo la kuhara damu. Elieza, dresa wa hospitali, alimpa vidonge akamwambia, "Meza mpaka viishe, hata ukipata nafuu." Nafuu ilipokuja, mama alichukua kisu, akaanza kukata vipande vidonge vilivyobaki kama anayegawa nyama ya sikukuu.

"Nami nionjeshe, shemeji," alisema Laurenti, mchuuzi wa viazi. "Tumbo langu linanguruma kuliko lori mlimani."

Watu wakacheka. Vestina hakucheka. "Mama, dresa alisema uvimalize mwenyewe."

"Uchoyo huo umeurithi kwa nani?" mama alifoka. "Kwetu mtu hali peke yake!"

Vipande vikapita mkono kwa mkono jikoni mle.

Haukupita muda, Sila akaanza kuhara damu. Dresa alimpa vidonge vile vile, visifae kitu. Mtoto alikauka midomo, macho yakadidimia, hata sauti ya kulia ikapotea. Mara zikaja habari kwamba Laurenti naye yu hoi Makambako, na dawa haimsaidii. Choo cha wagonjwa wote wawili kikapelekwa maabara.

Majibu yalipofika, dresa aliwaita mama na binti. "Vijidudu vyao ni vya ukoo mmoja," alisema. "Tena ni sugu. Huko maabara vimetiwa dawa yetu, vikaendelea kuzaana tu. Usugu huu vimeupatia wapi?"

Mama akatazama chini. Vestina alijua kwamba akisema, mji mzima utamnyooshea mama yake kidole. Akamtazama Sila, asiye na nguvu hata ya kufukuza nzi.

"Nyumbani kwetu," alisema. "Vidonge tuligawana."

Dresa aliwafuatilia wote waliokula jikoni mle. Waliougua wakapewa dawa nyingine kutoka Dar es Salaam. Laurenti akapona, na ugonjwa ukakoma. Lakini dawa hiyo ilifika Sila amekwisha kuzikwa.

Matangani nyumba ilijaa kuliko siku yoyote ya gulio, ila umbea haukusikika. Dresa alisema taratibu, "Dozi isiyomalizwa huua vijidudu dhaifu, ikaviacha vyenye nguvu. Hivyo ndivyo vilivyozaana tumboni, vikaingia kwenye chakula kwa mikono. Gawaneni ugali, ndugu zangu. Dawa ni ya mgonjwa mmoja, na aimalize."

Watu walipotawanyika, wifi mmoja alikohoa, akanong'ona, "Mama Vestina, hukubakiza kidonge hata kimoja?"

Mama alifumbua viganja vyake vitupu. "Nenda hospitali, wifi," alisema. "Mimi niiteni mchoyo."