Bakuli Lililooshwa Mara Saba

Kila asubuhi Nusaiba alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akaketi barazani na Bibi kunywa uji. Waliishi wawili pale Mkongani. Mamake alifanya kazi Ukunda. Lakini wiki hiyo Nusaiba alibeba bakuli lake hadi nyuma ya nyumba, na Bibi hakuwa mtu wa kupitwa na jambo kama hilo.

"Siku hizi uji wangu haunyweki mbele yangu?"

"Huku nyuma kuna upepo, Bibi."

"Upepo." Bibi alilitafuna neno hilo kama tambuu. Mara kuku wakapiga kelele. "Na hao je?"

"Mwewe."

Bibi akatazama juu. Hapakuwa na hata kunguru. "Basi mwewe huyo anatembea kwa miguu."

Nusaiba akacheka, lakini kicheko kilimkauka mdomoni. Katika banda kuukuu la mbuzi alikuwa amemficha mtoto wa mbwa, mweusi mwenye kifua cheupe. Alipewa na Purity, rafiki yake wa shuleni, ambaye mbwa wao alikuwa amezaa. Siku ya kwanza alitaka kumwambia Bibi, akaogopa. Siku ya pili uoga ulikuwa umezidi. Nyumba yao ilikuwa ya swala, na mate ya mbwa ni najisi. Kwa hiyo kila alipomlisha, aliliosha bakuli kama alivyofundishwa madrasa: mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Alijiona mwerevu kweli.

Jumamosi asubuhi alijaribu kumnyang'anya mbwa kandambili. Meno madogo yakazama kidoleni. Nusaiba akaipangusa damu, akafunga kitambaa, akanyamaza.

Mchana Bibi alipakua wali wa nazi. Nusaiba akachukua kijiko.

"Leo umekuwa mgeni hapa?"

"Nimejikata na kisu, Bibi."

"Kisu nimeshinda nacho mimi."

Bibi akainuka, akarudi na lile bakuli. Akapitisha kidole chini yake, akamwonyesha chembe za udongo mwekundu. "Sabuni iko dirishani. Ni nani aliyelilamba bakuli hili hata likasuguliwa kwa udongo?"

Machozi yakamtoka Nusaiba. Alieleza yote, akingojea bakora. Badala yake Bibi aliufungua mkono wake, akaona alama za meno, na uso ukambadilika.

"Bakuli umeliosha mara saba," alisema, "na kidole chako hukukiosha hata mara moja!"

Akamvuta hadi kwenye mtungi. Alikiosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika, muda mrefu, mpaka vidole vikakunjamana. Kisha wakaenda zahanati. Nusaiba akachomwa sindano ya kwanza ya kinga ya kichaa cha mbwa, akapewa tarehe za nyingine. Mama Purity alikiri kwamba mbwa wao hawakuwa wamechanjwa. Afisa wa mifugo akaagiza mtoto huyo wa mbwa afungwe na achunguzwe siku kumi.

Siku zote kumi Bibi aliketi kwenye kigoda, mbali kidogo, akimkazia mbwa macho.

"Anapiga miayo. Kwa nini anapiga miayo?"

"Ana usingizi, Bibi."

"Usimtetee!"

Siku ya kumi na moja mbwa alikuwa mzima, na afisa akamchanja. Nusaiba alimfungua kamba, akijua sasa atarudishwa kwa kina Purity. Bibi akamtupia kifuu kikubwa cha nazi.

"Hicho ndicho chombo chake. Atakaa shambani, awafukuze nyani wanaomaliza mahindi yangu. Ndani ya nyumba haingii."

"Kumbe ungenikubalia tangu mwanzo?"

"Ningekukemea kwanza, kisha ningekubali." Bibi akakishika kile kidole kilichopona. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kichaa cha mbwa kikishamwanza mtu, hakuna daktari wa kumrudisha. Mbwa ukinificha, nitakasirika, na hasira zitaisha. Lakini ukinificha kidonda, nitakutibu vipi? Ukiumwa na mnyama, osha kwa sabuni, uniambie papo hapo, hata kama kosa ni lako."

Kesho yake asubuhi, Nusaiba alikunywa uji wake barazani, wote, mbele ya macho ya Bibi.