Mhuri wa Siku ya Kumi na Sita

Harufu ilikuwa kwenye faili moja tu. Karani wa masjala alidhani panya kafia nyuma ya kabati, akavuta kabati, hakuna panya, akafagia, akarudi kuketi, na harufu ikarudi kuketi naye. Alipoinama juu ya lile faili la zabuni ya maziwa ya unga ya wodi za watoto, ndipo ilipompiga usoni: maziwa yaliyoganda juani siku nne, na ndani yake kitu kama nywele mbichi.

"Shoga, wewe umejifungua juzi tu," mwenzake wa meza ya pili akamtania. "Hiyo pua bado ina mimba. Kesho utaninusa na mimi."

Wakacheka. Karani hakumwambia kwamba harufu ilianza siku aliyogonga mhuri.

Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wazabuni walioshindwa na kuyapanga kabla bodi ya rufaa za zabuni haijakaa kuyasikiliza. Sheria iliwapa siku kumi na nne za kulalamika. Mwanamke mwenye kiwanda kidogo alileta yake siku ya kumi na tatu, jasho linamtoka, akidai sampuli ya kampuni iliyoshinda ilikuwa na funza. Alipotoka, hajafika hata getini, katibu wa bodi akaingia masjala, akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama, sogeza hiyo tarehe siku tatu mbele. Yakiwa yamechelewa, bodi haiyafungui. Una mtoto mchanga, kazi unaihitaji, sivyo?"

Karani akazungusha vigurudumu vya mhuri. Akagonga siku ya kumi na sita. Halafu akapanga kurasa kama alivyozoea miaka yote, kidole ulimini, ukurasa, kidole ulimini, ukurasa, mpaka katikati ya faili mdomo ukajaa ladha chungu ya uozo. Akatema kwenye kitambaa. Mate yalikuwa meupe, mazito, yanavutika.

Jioni ile mtoto, wa miezi minne, alikataa ziwa. Hakulia. Alilinusa, akakunja uso kama mtu mzima aliyewekewa sahani chafu, akageuka. Kesho yake vivyo hivyo. Wakampa ya chupa, akatapika. Wakampeleka kliniki, wakaambiwa mtoto hana ugonjwa. Siku ya tano utosi ulikuwa umebonyea na sauti ya kulia imekwisha, imebaki pumzi tu inayokwaruza.

Mchana wa siku hiyo karani alijilaza, mtoto akiwa kwa mama mkwe wake chumba cha pili, akasikia mtu ananyonya. Akasikia vizuri, mnyonyo wa pupa, wenye kukoroma, kama wa mbwa mkubwa bakulini, akajiambia ni bomba la maji, jamani ni bomba tu, lakini kifua kilikuwa kinavutwa, gauni limelowa, na alipotazama chini hakuona kichwa wala mdomo, aliona titi lake mwenyewe likirefuka hewani, likivutwa na kisichoonekana, na kuzunguka chuchu alama za meno zinajipanga moja moja, meno mengi kuliko ya mtu, na ile harufu ya faili ikatoka kwenye ngozi yake mwenyewe, mpaka akapiga kelele na kitu kikacheua.

Mama mkwe hakuuliza mengi. Alikwenda kumwita mganga, mwanamke mfupi, mkunga wa zamani, aliyemwambia karani afungue mdomo, akatazama, akageuka pembeni kutema.

"Kinakaa kooni," alinong'ona. "Mwanangu, umelamba nini?"

"Karatasi tu, mama. Za kazini."

"Za haki ya nani?"

Karani akapangusa midomo. Halafu akamwaga yote, mhuri, katibu, funza, kwa pumzi moja.

"Basi walioshinda wamekifungia humo kwenye faili kilinde uongo wao, na wewe ukaugongea mhuri, kikakuona mwenzake. Mimi sina dawa yake. Kinakula uongo ule, na kinashushia kwa maziwa yako. Kautapike uongo huo palepale ulipoula, mbele ya wenyewe, bodi ikikaa."

"Nitafukuzwa kazi."

Mama mkwe akampakata mtoto mbele yake. "Mtazame," alisema. "Halafu uniambie tena habari za kazi."

Bodi ilikaa kesho yake asubuhi. Wakili wa kampuni alisimama na pingamizi: malalamiko yameletwa nje ya muda, yatupwe. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Mwanamke wa kiwanda alikuwa analia kimyakimya. Karani, aliyekuwa amesimama ukutani na mafaili, akasema, "Yaliletwa siku ya kumi na tatu."

"Kaa kimya, mama," katibu alisema polepole.

"Mimi niligeuza mhuri. Huyu katibu aliniambia nigeuze. Yaliletwa siku ya kumi na..."

Koo likaziba. Akashika meza, akatapika, na kilichotoka hakikuwa chakula, kilikuwa donge la ukubwa wa ngumi, nywele na karatasi iliyotafunwa na maziwa ya njano, likateleza juu ya meza, likaacha utelezi, likatulia, likahema. Wakili aliangusha kiti. Wote wakakimbilia ukutani.

Katibu peke yake hakukimbia. Aliinama, akaliokota kwa viganja viwili taratibu, akalipangusa kwa tai yake, akalitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo.

"Pole," akaliambia. Si karani aliyekuwa anaambiwa.

Karani akatoka mbio. Kwenye benchi la korido mama mkwe alikuwa tayari anamnyooshea mtoto, akafungua vifungo hapohapo mbele za watu, na mtoto akanusa, akasita, akanusa tena, akashika. Akavuta. Maziwa yakashuka mpaka karani akalia kwa sauti.

Nyuma ya mlango viti vilikuwa vinarudishwa mahali pake. Mtu mmoja alikohoa. Kisha sauti ya katibu, tulivu, yenye mate mdomoni, ikasema, "Karani mwingine aitwe. Tuendelee."