Mlio wa Kinu cha Mwaisha

Kisa hiki Bi. Mwaisha alimsimulia kwanza rafiki yake, mama yangu, mwaka 1934.

Enzi ya Mjerumani mumewe alipelekwa kujenga reli, akabaki peke yake Uluguru na mtoto mchanga. Kati ya wasichana wote alimchagua Mwanahawa awe yaya, kwa kuwa alitwanga kwa nguvu.

“Twanga, mwanangu, nikusikie kule shambani, nijue mko salama.”

“Hata ukiziba masikio, mama, utanisikia!”

Kutwa mlio huo ulikuwa ndio mwenzake. Giza lilipoanza kuingia akateremka, akakutana na Mwanahawa njiani, mtoto mgongoni.

“Tulitoka tangu alasiri, mama. Mtoto alikuwa anakulilia.”

Chini, nyumbani, kinu kilikuwa bado kinatwangwa.

Aliye hai leo ni yule mtoto tu, Mzee Rehani. Kwake hakuna kinu, lakini majirani humwuliza anatwanga nini kila magharibi.